Koili za gari: ipi ununue, na ununue lini

Gari ikianza kumisi (silinda moja haiunguzi petroli sawasawa), gereji nyingi jibu huwa tayari: "Koili zimekwisha, lete nne." Usitoe pesa bado. Koili, kifaa kinachoipa kila plagi umeme wa kutoa cheche, kwa kawaida hufa moja moja, na mara nyingi iliyochoka ni plagi.

Dalili zenyewe ni injini kutetemeka ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), gari kukosa nguvu ukipanda vilima vya Pemba, na taa ya injini kuwaka. Taa hiyo ikipepesa, punguza mwendo na usiende mbali: petroli isiyoungua inateremka kwenye ekzosti na kuyaunguza masega (kichujio cha moshi ndani ya ekzosti), na bei ya masega haifanani kabisa na ya koili.

Pima kwa kompyuta. Itakupa kodi, yaani namba ya hitilafu: P0302 maana yake silinda ya pili ndiyo inayomisi. Haimaanishi koili yake ni mbovu. Hamisha koili ya pili uiweke ya tatu, futa kodi, endesha kidogo. Ikija P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, tazama plagi na nozeli (kinachopuliza petroli). Fundi anayekataa kufanya jaribio hili la dakika chache, mimi humuaga.

Sasa dukani. Nachukulia una Toyota IST ya injini ya 1NZ au 2NZ, maana zimejaa barabarani. Koili yake ni ya Denso, namba ya Toyota 90919-02240. Nenda na ile ya zamani mkononi, ulinganishe namba na soketi.

Namba moja ni Denso mpya, ukiwa unamwamini muuzaji. Boksi peke yake si ushahidi, feki nazo zina maboksi mazuri. Tazama maandishi kwenye koili yenyewe, ukingo wa plastiki na pini za ndani: kazi ya kweli haina makovu.

Namba mbili ni mpya ya kampuni nyingine inayojulikana, kama NGK, ukiipata ya gari yako hasa.

Namba tatu ni mtumba wa Japani, koili iliyofunguliwa kwenye injini. Ni ya tatu kwa cheo, lakini ndiyo wengi wetu tutakayoinunua, na sioni aibu kuisifu: orijino iliyotumika naiamini kuliko mpya isiyo na jina. Ila ichague. Ukiona ukijani kwenye pini, rudisha. Hewa yetu ya chumvi haina huruma na shaba. Kunja mpira wa chini: ukiwa na ufa au mstari mweupe, umeme umeshapata njia ya kutorokea. Na kabla hujalipa, kubalianeni juu ya kurudisha, kwa sababu maduka mengi husema vitu vya umeme havirudishwi.

Za mwisho ni zile mpya za bei ya kutupa zinazouzwa seti ya nne. Gari itatulia, utafurahi, kisha utarudi dukani.

Nunua moja iliyokufa tu. Ukiwa Wete au Chake, ambako spea huenda ukaisubiri ije na boti, ongeza moja ya mtumba ikae kwenye buti.

Plagi usizisahau. Plagi iliyolika nafasi yake hupanuka, koili inalazimika kusukuma umeme mkubwa zaidi, inapata moto na kufa. Kuweka koili mpya juu ya plagi kuukuu ni kuitafutia kifo. Plagi za kawaida huchoka mapema, za iridiamu hufika kilomita 100,000 hivi.

Kufunga si kazi ngumu. Injini ipoe, fungua nati namba 10, bonyeza kibanio cha soketi bila kuvuta waya (plastiki ya zamani huvunjika kama biskuti), zungusha koili kidogo, vuta. Chungulia shimo: kukiwa na oili, gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) inavuja, nayo ibadilishwe kwanza. Kukiwa na maji, waambie waoshaji wako waache kupiga injini kwa presha. Rudisha nati kwa kukaza kiasi, futa kodi, washa.