Park yenyewe iko sawa, soja wa geti ndiye ametuharibia sikukuu

Naandika hii nikiwa bado na hasira kwa hivyo mnivumilie. Sikukuu ya juzi nilitoka na watoto pamoja na mama yangu aliyekuwa ametutembelea kutoka Ugunja, jua linawaka vile Kisumu huwaka, na hadi saa saba hivi hatukuwa na shida na mtu. Tulianzia Kisumu Museum na pale kwa kweli sina neno. Yule simba aliyekaushwa akiwa amemrukia nyumbu bado yuko, kitinda mimba wangu alijificha ndani ya leso ya dani, yaani nyanya yake, akakataa kutoka. Huko nje kwa Ber-gi-dala, lile boma la Kijaluo, mama mwenyewe ndiye alitutembeza, nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, inatazamana na lango, nyachira wa pili anakaa hapa, reru wa tatu pale, mpaka watoto wa watu wengine wakaanza kutufuata wasikize.

Sasa si tukaamua kumalizia siku kwa park moja ya hapa town, jina sitaji. Getini soja anasema fungua kikapu. Sawa, ni usalama, mama akafungua. Jamaa akachukua kile kidude chao cha kupekua watu, kile amekuwa akipitisha kwa viatu na makalio ya kila mtu tangu asubuhi, akakitumbukiza kwa hotpot akaanza kugeuza chapati nacho. Kugeuza jamani! Nikamuuliza boss, kwani unatafuta bunduki kwa chapati? Ananijibu bila hata kuniangalia, chakula cha nje hakiingii, mtanunua ndani. Mama akamwambia pole pole, nyathina (mwanangu), hawa ni watoto, tutakaa tu hapo chini ya mti. Eti "we mathe usinipigie kelele, toka kwa laini." Mama yangu! Mtu ana umri wa kumzaa mamake!

Ikabidi tuache hotpot kwa kibanda chao, tukanunua chips zimelala na soda imeshika joto, kwa bei ambayo hata sitaki kukumbuka. Tukitoka jioni chapati zimepungua. Sisemi ni yeye, sikumwona, lakini huo mdomo ulikuwa unang'aa mafuta.

Nilikuwa nimepanga kuwapa nyota tatu maana nyasi ni safi, vivuli viko na bouncing castle watoto walitolewa kwa kuburutwa. Nikikumbuka hiyo "we mathe" naona hata moja ni nyingi, msiende. Shida ni mama mwenyewe, ananiambia niachane na mambo ya soja, park ni nzuri na Krisimasi anataka turudi. Pengine tutaenda, mtoto hawezi kumkatalia mama. Lakini chapati zitaliwa kwa nyumba kabla tupande tuktuk, na huyo kijana akimwita mama yangu hivyo tena tutajuana hapo hapo getini.