TAA ya Marekani: mafunzo safi, mlango wenyewe ndio kazi

Mafunzo nayapa nyota tano. Njia ya kuyafikia naipa mbili. Nilikuwa nashona viti vya magari hapa Michigan, shifti ya usiku, mpaka kampuni ilipohamishia kazi yetu Mexico. Kilichonisomesha baada ya hapo ni mpango wa serikali kuu uitwao Trade Adjustment Assistance. Ofisini kila mtu anauita TAA tu. Ndugu zetu wengi wa Afrika Mashariki na Kongo wamejaa viwandani huku na hawajawahi kuusikia, au wameusikia nusunusu kanisani au msikitini. Ndiyo maana naandika.

Kwanza ujue kwamba TAA ilianza na kundi, wewe binafsi ulifuata baadaye. Wafanyakazi watatu wa sehemu moja walitosha kupeleka ombi Wizara ya Kazi kule Washington. Chama cha wafanyakazi, mwajiri mwenyewe au ofisi ya ajira ya jimbo nao waliweza kulipeleka. Wizara ilikuwa inachunguza: je, uzalishaji umehamia nje? Je, bidhaa za kutoka nje ndizo zilizoua oda za kiwanda? Sheria iliwapa siku 40 za kuamua. Wakishakubali, cheti kiliwafunika walioachishwa kuanzia mwaka mmoja kabla ya ombi hadi miaka miwili baada ya kukubaliwa. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na haki yake imelala tu, kwa sababu kuna wenzake waliojaza fomu yeye akiwa ameshahamia jimbo lingine.

Kwetu waliojaza ni akina mama watatu wa mstari wa cherehani. HR, yaani idara ya wafanyakazi, walikuwa bado wanatueleza habari za "mabadiliko ya biashara" wakati mashine zinafungwa mikanda na kupakiwa kwenye malori mbele ya macho yetu.

Wengi wetu tuliingia kiwandani kupitia wakala, na hapo ndipo watu wanapopoteza haki yao kizembe. Stakabadhi ya mshahara ina jina la wakala, kiwanda hakionekani popote. Kijana mmoja Mkongomani aliyekuwa mashine ya jirani yangu alikwenda ofisi ya ajira kuulizia akaambiwa mwajiri wake hayumo kwenye orodha. Akakubali yaishe. Siku tuliyokutana dukani nikamwonyesha cheti chetu kwenye simu. Chini ya jina la kiwanda kuna maneno yanayosema pamoja na wafanyakazi wa kukodiwa waliokuwa wakifanya kazi papo hapo, halafu wakala wake ametajwa kwa jina. Alikichapisha, akaupaka ule mstari wino wa njano, akarudi dirisha lilelile. Mhudumu aliusoma mara mbili, akaingia ndani, akatoka na fomu. Hakuomba radhi, lakini fomu alitoa.

Uraia hawakuniuliza. Waliangalia kibali cha kazi.

Fedha za kujikimu zinaitwa TRA. Zinaanza malipo ya kawaida ya kukosa kazi yanapokwisha, na kiwango cha wiki ni kilekile. Kwa kundi kama letu, ukiwa darasani, malipo ya kukosa kazi na TRA kwa pamoja yaliweza kufika wiki 130. Sharti ni uwe umefanya kazi hapo angalau wiki 26 katika zile 52 za kabla ya kuachishwa, kwa mshahara usiopungua dola 30 kwa wiki. Dola 30! Hicho kiwango kimezeeka jamani, nadhani hakuna aliyewahi kukikosa. Kinachokamata watu ni tarehe: ndani ya wiki 26 tangu cheti kitoke au tangu uachishwe, kutegemea lipi lilikuja baadaye, uwe umeshaandikishwa mafunzo au una msamaha wa maandishi wa kutosoma. Msamaha wa mdomo wa mshauri haukusaidii kitu.

Mafunzo nayo yana vigezo sita, na mshauri wangu alinipitisha kimoja kimoja: kwamba hakuna kazi inayonifaa kwa ujuzi nilio nao, kwamba mafunzo yatanisaidia, kwamba kazi ipo mbele yake, kwamba chuo kipo, kwamba nina uwezo wa kuyamaliza, na kwamba gharama ni ya kadiri. Nilichagua ufundi wa umeme wa mitambo ya viwandani. Walilipa ada moja kwa moja chuoni, pamoja na vitabu, buti zenye chuma mbele na mita ya kupimia umeme ambayo naitumia hadi leo. Masomo ya Kiingereza na ya kupata cheti cha sekondari nayo yanahesabiwa, jambo ambalo hakuna bango lolote linalokuambia. Kero ilikuwa fomu ya mahudhurio, maana mwalimu akisahau kusaini, hela inasimama. Na likizo ikizidi siku 30, bila kuhesabu wikendi na sikukuu, hulipwi, kwa hiyo kiangazi nilichukua somo nisilolipenda ili nisikatike.

Kwa waliotimiza miaka 50 wasiotaka tena madaftari kulikuwa na njia nyingine. Ukipata kazi mpya isiyozidi dola 50,000 kwa mwaka, mpango ulikufidia nusu ya pengo la mshahara, hadi dola 10,000 ndani ya miaka miwili. Mzee wetu wa idara ya kukata vitambaa aliifuata hiyo na anaisifu kuliko mimi ninavyosifu chuo.

Sasa sababu ya zile nyota mbili. Mpango huu umekuwepo tangu 1962, lakini Bunge la Marekani liliacha muda wake upite, na tangu tarehe 1 Julai 2022 wizara haichunguzi maombi mapya ya makundi. Kiwanda kikihamia nje leo, akina mama watatu wakijaza fomu, hakuna wa kuwaamulia.

Kama uliachishwa kabla ya tarehe hiyo, tafuta jina la kiwanda kwenye orodha ya vyeti ya wizara. Namba zake huanza na TA-W. TRA huenda imekupita, ila haki ya mafunzo haifungwi na zile wiki 26. Walioachishwa baadaye waende American Job Center ya karibu, yaani ofisi ya umma ya ajira, waulizie mpango wa waliopoteza kazi chini ya WIOA, sheria ya mafunzo na ajira ya 2014. Huko hawahitaji kuthibitisha kazi ilikwenda nchi gani, ila usitarajie posho ndefu ya kila wiki kama TRA. Beba barua ya kuachishwa, stakabadhi za mshahara za mwaka wa mwisho na kibali cha kazi. Ukitaka mkalimani wa Kiswahili, sema wakati wa kupanga miadi. Mimi nilipewa kwa simu, bila malipo, na alikuwa anajua kazi yake.