TAHADHARI kwa wauguzi wa Nairobi: huyu “mwalimu wa OET” ni mwizi

Wauguzi wenzangu, na ninyi wafamasia na wapiga eksirei mnaojiandaa kwa OET, ule mtihani wa Kiingereza wa wahudumu wa afya, kuna mwanamume ana ofisi mjini, upande wa chini wa barabara ya Tom Mboya, anayejiita mwalimu na wakala wa mtihani. Msimpe hata ndururu. Amekula karo yangu ya darasa, amekula ada yangu ya mtihani, na si yangu peke yangu. Jina silitaji kwa sababu lile alilotupa si lake, na sitaki kumchafulia jina mtu asiyehusika. Mliokuwa kwenye darasa la Jumamosi mnajua ninamsema nani.

Kabla hamjaniuliza “ulimwaminije?”, aliyeniletea habari zake ni mtu mnayemheshimu wote, tuliyefanya naye zamu. Mnajua si mtu wa porojo. Aliniambia amempata mwalimu anayefundisha OET tu, hachanganyi na ule mtihani mwingine wa Kiingereza, IELTS, na wanafunzi wake wako Leeds na Birmingham. Na mnajua mimi sikuwa na nafasi ya kuchezacheza mwaka huu. Nilikuwa nataka mtihani huu niufanye mara moja, niumalize.

Darasa la kwanza lilikuwa zuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mtu yule alijua mtihani. Alitueleza kwamba ile sehemu ya Kuandika ni dakika 45: 5 za kusoma maelezo ya mgonjwa bila kugusa kalamu, 40 za kuandika barua. Akaeleza Kuzungumza, kwamba unapewa kadi, wewe ni muuguzi na mwenzako anaigiza mgonjwa au jamaa wa mgonjwa, kama dakika 5 kila igizo, na maigizo ni mawili. Yote hayo ni kweli. Kisha akatukumbusha mwaka 2021, aliyekuwa Waziri wa Afya Mutahi Kagwe aliposema hadharani kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ili waende Uingereza, 10 tu ndio waliopita. Chumba kizima kikanyamaza. Hakuna muuguzi wa Kenya aliyesahau jinsi tulivyochekwa mitandaoni siku zile, tena na watu ambao hawajawahi kuandika ripoti ya zamu saa kumi usiku wakiwa na wagonjwa wawili wanaobadilika hali. Tunaandika Kiingereza kila siku, tunampigia daktari kwa Kiingereza, tumesoma kwa Kiingereza, halafu ghafla kila mmoja mle ndani akaanza kujishuku. Hivyo ndivyo alivyotaka. Alikuwa ameshika mahali panapouma.

Akatupa mtihani wa majaribio. Mimi nikapata 320 katika Kuandika. Akaniita kando, akafunga mlango, akasema kwa sauti ya huruma kabisa, “Sista, kwa barua hii NMC hawatakuangalia. Wanataka 350 kila upande.” NMC ndilo baraza la wauguzi la Uingereza. Nilimwambia niliyosoma mimi ni 300 kwa Kuandika. Hakubabaika. Akatabasamu, akasema hiyo ni ya zamani, wamebadilisha, akafungua simu yake akanionyesha waraka wenye nembo, akaurudisha mfukoni kabla sijamaliza mstari wa pili. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, sijalala, na mbele yangu yuko mtu anayefanya kazi hiyo kila siku. Ukweli ni kwamba baraza la wauguzi la Uingereza linataka 350 kwenye Kusikiliza, Kusoma na Kuzungumza, na kwa Kuandika linakubali 300. Iko kwenye tovuti yao. Ile 320 yangu, hata kama angekuwa ameisahihisha kwa haki, ilikuwa inatosha! Lakini nilitoka pale nikiwa nimelipia “marekebisho ya barua” shilingi 6,000 juu ya zile 12,000 za darasa.

Sasa siku ya ada ya mtihani. Nataka niieleze yote kwa sababu nimeirudia kichwani hadi usingizi umenikimbia.

Ilikuwa alasiri. Ofisini alikuwa na meza safi, bendera ndogo ya Uingereza kwenye kikombe cha kalamu, ubao mweupe ulioandikwa tarehe za mitihani kwa wino mwekundu, na chupa ya chai. Alinimiminia chai. Akaniuliza hali ya mama, kwa jina la ugonjwa wake, kwa sababu niliwahi kumtajia siku moja darasani. Akageuza kompyuta yake nione: ukurasa wenye rangi zilezile za wenye mtihani, tarehe niliyoitaka, na chini yake maneno kwamba nafasi zilizobaki ni 2. Akaniambia mtu akijisajili mwenyewe analipa bei kamili kwa dola za Australia na benki inamkata juu yake, lakini yeye anapeleka watu kwa kikundi, kwa hiyo ni shilingi 46,000 tu. Nikasema nipe hadi kesho nimalizane na sacco. Simu yake ikalia hapohapo. Akapokea mbele yangu: “Ndiyo, zimebaki mbili. Moja nimemshikia dada mmoja yuko hapa. Asipolipa kufikia saa kumi nitakupa.” Akakata simu, akaniangalia kama mtu anayeniombea mema.

Nikafungua pochi nikatoa pesa taslimu nilizokuwa nazo, nimpe kiasi, nyingine baadaye. Akazikataa! Akarudisha mkono wangu, akasema, “Hapana sista, mimi sipokei noti. Kila kitu kipite M-Pesa, ndiyo uwe na ushahidi.” Niambieni, ni tapeli gani anayekataa pesa mkononi na kukutaka uwe na ushahidi? Hapo moyo wangu ulitulia kabisa. Nikachukua mkopo wa Fuliza, nikampigia dada yangu wa Rongai akaniongezea, nikaingiza namba aliyonisomea tarakimu moja moja, kiasi 46,000. Kabla sijaweka namba ya siri likatokea jina la mwenye namba, jina la mwanamke. Nikasimamisha kidole. Akasema bila hata kuangalia simu yangu, “Huyo ni mhasibu wetu.” Nikaweka namba ya siri. Ujumbe ukaingia. Akaandika risiti, akaigonga muhuri, akanipa mkono kwa mikono miwili.

Mikono miwili, wenzangu. Hilo siwezi kumsamehe.

Ikaja barua pepe yenye waraka wa kuthibitisha: jina langu, namba ya mtahiniwa, namba ya pasipoti yangu, ukumbi, saa. Nikaomba ruhusa wodini, sista msimamizi akanibadilishia zamu na kumpa mtu mwingine mzigo wangu. Chama wakaniombea. Nilifika ukumbini mapema nikiwa na pasipoti, nikapanga foleni. Nyuma yangu alikuwa msichana niliyemfundisha mimi mwenyewe kuweka kanula alipokuwa mwanafunzi. Akanisalimia kwa heshima, “Shikamoo sista, na wewe upo?” Dada wa mezani akapitisha kidole kwenye orodha. Akarudia. Akaomba pasipoti tena. Akamwita mwenzake. Wakaniambia polepole, na nawashukuru kwa ule utu, kwamba jina langu halipo na namba niliyonayo si ya mtihani wao. Foleni nzima inasikia. Msichana yule akatazama chini ili nisimwone ananitazama. Nilitoka pale nikatembea kwa miguu mpaka Railways, sikuweza hata kupanda matatu na uso ule.

Nilipompigia, simu iliita mara moja kisha namba yangu ikafungiwa. Kikundi cha WhatsApp kikawa kimefutwa kufikia jioni. Ofisini, kufuli. Bawabu akasema vyumba vile hukodishwa kwa mwezi na “yule mwalimu” alihama usiku. Nilituma ule ujumbe wa muamala kwa Safaricom, namba 456, pesa zirudishwe, lakini zilikuwa zimeshatolewa siku ileile nilipolipa.

Mtu kama huyu anastahili nini? Sheria ya Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 313, inasema anayejipatia mali kwa hila anaweza kufungwa miaka 3. Miaka 3! Kwa mtu aliyewaibia wauguzi wanaolipwa wanavyolipwa, waliokopa sacco, waliouza mbuzi. Mimi nataka afungwe yote mitatu bila faini, na kila shilingi airudishe, na picha yake ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kila hospitali ya nchi hii. Nataka yule mwanamke wa M-Pesa naye ashikwe, mhasibu au si mhasibu, kwa sababu pesa zilipita mkononi mwake. Na mwenye jengo anayempa chumba mtu bila kitambulisho naye aulizwe.

Mnaniuliza inbox dalili zilikuwa zipi. Zilikuwepo, nyingine nimeziona baada ya kukaa chini na karatasi zake. Matokeo ya “wanafunzi wake wa Leeds” aliyotutumia yana alama 385. OET haitoi 385. Alama zao huenda kwa makumi, 350, 360, 370, hadi 500. Alijisifu kwamba anamjua anayesahihisha Kuzungumza hapa Nairobi. Yule unayezungumza naye anaigiza tu, hatoi alama, mazungumzo hurekodiwa na kusahihishwa na watu wengine. Barua yangu “aliyoisahihisha” ina maoni kuhusu kisukari, na mgonjwa wangu alikuwa wa nyonga iliyovunjika. Mwenzangu mmoja ana maoni yaleyale neno kwa neno. Alitufundisha kuhamisha kila kitu kutoka kwenye maelezo ya mgonjwa ili “usikose alama”, ilhali mojawapo ya vigezo sita vya barua ni ufupi na uwazi, yaani kumwacha msomaji na yale tu anayoyahitaji, na wenye mtihani wanashauri barua ya maneno kama 180 hadi 200. Kwa hiyo hata tungefika ukumbini, alikuwa anatupeleka kuanguka. Na ile mitihani ya majaribio aliyotuuzia ni sampuli zinazotolewa bure kwenye tovuti ya OET, amekata tu kichwa cha ukurasa. Barua pepe yake ilitoka Gmail. Na lile la jina la mwanamke kwenye M-Pesa nimeshalieleza.

Kujisajili unajisajili mwenyewe. Unafungua akaunti kwenye tovuti ya OET kwa barua pepe yako, unaweka pasipoti yako, unalipa mwenyewe kwa kadi. Ukitaka mwalimu, tovuti hiyohiyo ina orodha ya watoa mafunzo wanaotambuliwa, anza hapo.

Ninyi mliolipa kupitia kwake na tarehe yenu haijafika, tafadhali msimpigie kwanza, atawafungia kama alivyonifungia. Ingieni kwenye tovuti, wekeni barua pepe zenu kwenye sehemu ya kusahau nywila. Kama hakuna kinachokuja, huenda hamkusajiliwa kabisa, waulizeni wenye mtihani moja kwa moja leo, msingoje asubuhi ya ukumbini. Pigeni picha za skrini za kila mazungumzo, risiti zile za muhuri, na ujumbe wa M-Pesa wenye jina la yule mwanamke. Namba mliyoitumia pesa itumeni Safaricom kwa 333, ni bure. Ukiogopa kituo cha polisi, piga idara ya upelelezi, DCI, 0800 722 203, huhitaji kujitaja.

Mimi nimeshaandikisha taarifa polisi na nina namba ya OB, ile ya kitabu chao cha matukio. Askari ameniambia tukiwa wengi faili inapata uzito. Walio tayari kuja kuandikisha maelezo yao Jumatatu, saa tatu asubuhi nitakuwa mlangoni mwa kituo cha polisi cha Central, upande wa University Way, nimevaa sweta ya bluu ya kazi. Njooni na vitambulisho na nakala mbili za kila kitu. Walio zamu ya mchana waniandikie usiku huu, nitawaombea saa nyingine kwa mpelelezi. Na wewe uliyemfahamu kabla yetu na unajua anakotoka, nitumie inbox, jina lako halitatoka kwangu.