"Oil ni oil," aliniambia. Gari likanifia mlima wa Marangu

Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Nazungumzia giaboksi ya CVT, ile otomatiki isiyo na gia za kupanga moja moja, na yaliyonikuta nikienda nyumbani Marangu kula sikukuu.

Kabla ya hapo nilikuwa na Toyota Ist, zile za mwanzo, otomatiki ya gia 4. Ukikanyaga unaisikia ikipanga gia: inavuta, inashtua kidogo, inavuta tena. Nilipopata gari la CVT nikaona nimefika. Arusha hadi Moshi, kilomita kama 80, hushtuliwi hata mara moja. Tengeru, Usa River, Kikatiti, gari linateleza tu, resi zimetulia, mafuta hayaishi. Kazini nililisifia mpaka watu wakanichoka.

Wiki chache kabla ya safari nikalipeleka servisi, gereji moja hapa Arusha, sitaitaja. Namkuta kijana anafungua kopo la haidroliki nyekundu, ile ya otomatiki za kawaida. Nikamwambia, kaka, hii ni CVT, ina oil yake. Hakuinua hata kichwa. "Dada, wewe kazi yako kuendesha. Oil ni oil." Wenzake wakacheka. Nikanyamaza, nikalipa, nikaondoka. Hilo la kunyamaza linaniuma mpaka leo.

Siku ya safari tulikuwa watu wazima wanne, mama kakaa mbele, kwenye buti gunia la mchele, sukari na ndoo ya mafuta ya kula. Hadi Himo hakuna neno. Tulipokata kushoto tuanze kupanda, resi zikapanda zenyewe. Injini inalia kama mashine ya kusaga, gari halisogei. Nakanyaga, kelele inaongezeka, mwendo unapungua. Watoto wanaopanda kwa miguu wakatupita. Ikaja harufu ya kuungua, taa ya injini ikawaka, mama akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, simama, tutarudi kinyumenyume." Kaka yangu akaruka kutafuta jiwe la kuweka nyuma ya tairi. Na pale pale ikatupita Ist, imejaa watu, kreti za soda wamezipakata mapajani. Niliisikia ikishusha gia moja, ikashika, ikaenda zake.

Pale pembeni ya barabara niliapa CVT si gari, ni pambo la lami iliyonyooka.

Gari lilivutwa hadi Moshi kwa fundi mmoja mzee. Akachukua oil akaisugua kwa vidole, akainusa, akatikisa kichwa. Akafungua sampo, lile bakuli la oil chini ya giaboksi, akatoa sumaku zilizomo, akazifuta kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikawa cheusi, unga laini kama risasi ya penseli. "Huo ni mkanda wako, mwanangu," akasema. Ndani ya CVT hakuna gia za kubadilisha kama kwenye Ist. Kuna mkanda wa chuma unaobanwa na puli mbili zinazopanuka na kusinyaa, na oil yake imetengenezwa ili chuma kibane chuma bila kuteleza. Ukitia haidroliki nyekundu, mkanda unateleza, unakwaruza puli, joto linapanda.

Kwa hiyo kosa si la CVT? Nilikubali, kwa shingo upande. Mdogo wangu hachoki kunikumbusha kwamba timu ya Williams waliijaribu CVT kwenye gari lao la mbio za Formula 1 mwaka 1993, na ikapigwa marufuku kabla haijaingia kwenye shindano hata moja. Naelewa kwa nini wakimbiaji waliitaka: injini inabaki pale penye nguvu muda wote, hakuna kusubiri gia iingie. Kwenye lami ya Kikatiti nimeionja raha hiyo, siwezi kuikana.

Lakini mzee yule yule aliniambia kwamba hata ikiwa na oil sahihi, ukilijaza gari mzigo na mlima ukawa mrefu, CVT ikipata joto kali gari hupunguza nguvu lenyewe lijilinde. Sasa mimi kwetu ni mlimani! Kila Desemba napanda, na sipandi mikono mitupu. Kwa mtu wa Njiro, hapa Arusha, asiyetoka mjini, nunua CVT, utafurahi. Kwa Mchaga wa kwenda nyumbani na mama na gunia, nitakuambia chukua otomatiki ya gia. Na nikitulia kesho huenda nikasema vingine, maana la kwangu sasa lina oil yake na linateleza kama zamani, ila kwenye kilima chochote linatoa mlio mwembamba ambao haukuwepo.

Nilirudi pale gereji na kile kitambaa. Nikakitandaza juu ya boneti mbele ya kijana yule, nikamwambia tazama oil yako. Akakitazama, akafuta mikono kwenye ovaroli.

"Dada, ungesisitiza."