Nimeangalia The Nanny Diaries, mimi niliyeitwa Dada miaka minne

Filamu hii ilitoka 2007, kwa hiyo mniwie radhi kwa kuchelewa. Mwaka huo nilikuwa darasa la sita Mafinga, na yaya pekee niliyemjua nilikuwa mimi mwenyewe, mdogo wangu mgongoni. Nimeipata juzi kwa kijana anayejaza muvi kwenye flashi hapa Mbagala, shilingi elfu moja pamoja na nyingine tano za nyongeza. Haijatafsiriwa na DJ yeyote, ni Kiingereza kitupu. Kiingereza changu nilikiokota kwenye katuni za mtoto wa watu, kikanifikisha mwisho.

Annie, anayechezwa na Scarlett Johansson, ni binti wa nesi kutoka New Jersey. Amemaliza chuo, mama yake anataka aingie kwenye kazi za fedha. Kwenye usaili anaambiwa ajieleze yeye ni nani, ulimi unamganda, anaondoka zake. Baadaye yuko bustanini, Central Park ya New York, anamwokoa mtoto asigongwe. Mama wa mtoto anamuuliza yeye ni nani. Anasema "Annie", yule mama anasikia "nanny", yaani yaya. Basi, kazi imepatikana.

Nilisimamisha filamu ili nicheke vizuri. Siku yangu ya kwanza Mikocheni, 2012, nilitaja jina langu mara mbili. Mama mwenye nyumba akasema, "Haya dada, begi lako liweke stoo kwanza." Imekwisha hiyo. Baba wa nyumba aliniita dada, mlinzi dada, hata bibi wa mtoto, mtu wa kunizaa mara mbili, naye dada. Nikienda kwa fundi kupima sare alikuwa anaandika "dada wa Mama Junia".

Ndiyo maana kilichonikosha kwenye filamu hii siyo vichekesho vyake. Ni kwamba matajiri ndio walionyang'anywa majina. Wanaitwa Bwana X na Bibi X, karibu filamu nzima. Bwana X, ambaye ni Paul Giamatti, kwa muda mrefu hata sura yake hatuoneshwi, ni mtu wa kupita na simu. Kwetu mwenye jina ni mwenye nyumba. Na mimi hapa Mama Junia simtaji jina, lakini siyo kwa kisasi kama waliotengeneza filamu. Ni woga tu, haujaisha.

Laura Linney, Bibi X, ndiye aliyeibeba filamu. Anatoa amri huku anatabasamu, na tabasamu lenyewe ndilo linalotisha. Mama Junia hakuwahi kunifokea hata siku moja. Alikuwa anasema taratibu, "Dada, hivi huu mchanga kwenye kochi umeuona?" Ukisikia sauti imekuwa asali kiasi hicho, ujue leo chakula cha mchana hakipiti kooni. Ila Linney anaonesha na upande wa pili, mwanamke aliyejipamba akabaki na nyumba kubwa na mume asiyekuwepo hata akiwepo. Nikajikuta namhurumia. Sikutaka.

Mtoto anaitwa Grayer. Mwanzoni ni vita, baadaye anamganda Annie kama kupe. Hapo ndipo waandishi walipojua wanachosema, maana kazi hii haikukamati kwa mshahara, inakukamata kwa mtoto. Junia aliwahi kupata homa usiku, akawa analia "Dada! Dada!" na mama yake amesimama mlangoni, mkoba begani, ametoka kwenye sherehe. Nilimchukua mtoto. Asubuhi sikusalimiwa. Wiki iliyofuata nikaambiwa niende likizo nyumbani, likizo ambayo sikuiomba. Kwenye filamu kisa cha namna hiyo kinajengwa taratibu na kwa haki, na mtoto yule, Nicholas Art, halii kilio cha maigizo.

Kamera ya kumchunguza yaya imefichwa ndani ya mwanasesere wa dubu. Kwetu kamera ilikuwa mdomo wa mlinzi.

Pesa hawaigusi sana, nami ningependa waiguse. Mwaka 2013 serikali ilipotangaza kima cha chini, sisi tunaolala kwa mwajiri tulipangiwa shilingi 40,000 kwa mwezi. Wanaofanya kwa mabalozi, 150,000. Mimi nilikuwa napokea 60,000. Mama Junia aliposikia akaniita sebuleni, akapunguza sauti ya televisheni: "Umeona dada? Kumbe nakuzidishia elfu ishirini." Ningeandika muvi ningeanzia hapo. New York kwenyewe sheria ya kuwapa wafanyakazi wa majumbani siku moja ya kupumzika kwa wiki ilikuja 2010, miaka mitatu baada ya filamu.

Sasa lawama. Mapenzi ya Annie na kijana wa ghorofa za juu, Chris Evans, yanarefusha safari bure. Mume wangu, aliyewazoea hao wawili kwenye filamu za mashujaa, alikaa anasubiri wainuke wampige Bwana X. Hawakuinuka. Alicia Keys, rafiki wa Annie, yupo yupo tu. Kuna safari ya kisiwa cha Nantucket ambako Bwana X anamtia Annie mikono, na filamu inapita hapo haraka ili kicheko kisikatike. Aliyewahi kulala chumba kisichofungwa kwa ndani hatacheka.

Na kubwa zaidi: Annie ana shahada. Anaandika mambo ya matajiri kama mtafiti aliyekwenda kuangalia kabila geni, hata wanawekwa kwenye vioo vya makumbusho kama sanamu (sehemu hiyo nzuri, sibishi). Akichoka, kwa mama yake ni ng'ambo ya mto tu. Mayaya wengine pale bustanini, waliotoka nchi za mbali, tunawaona wakipita. Hao ndio niliotaka kuwasikia. Mimi kwetu kulikuwa ni basi la saa kumi na mbili asubuhi Ubungo, na nauli iko kwa mwajiri.

Kwa hiyo nyota tatu. Angalieni mkiwa na watu mliowahi kufanya nao kazi, mtazungumza kuliko mtakavyoangalia. Wenye nyumba nao waangalie, ila dada akiwa amekaa kwenye kochi, siyo amesimama mlango wa jikoni na taulo mkononi.

Nilipoacha kazi 2016, Mama Junia alichukua namba yangu, tusipoteane. Nilichungulia anavyoihifadhi: "Dada 2". Flashi bado ninayo. Akiihitaji, anipigie.