Volvo yangu ya njano na fundi asiye na adabu

Nianze na hasira, maana nikianza na gari nitasahau kilichonileta.

Nina Volvo 850 T-5R, ile stesheni wagon ya njano ya 1995, hapa Uingereza. Mwaka jana au juzi, sikumbuki vizuri, niliipeleka gereji ibadilishwe mkanda wa taimingi. Kazi ya siku moja ikala wiki mbili. Siku ya kuichukua niko barabara kuu ya M1, mvua inanyesha, mke wangu kapakata sufuria la biriani la watu. Nakanyaga mafuta nipite lori, puu! Nguvu zote zikaisha, moshi mweusi nyuma, na lori lile lile likanipita likinipigia honi. Mimi, na farasi 240!

Nikampigia mjomba Tanga, fundi wa malori tangu sijazaliwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Imekufa?"

"Haijafa, imelegea."

"Basi tabo hiyo. Fungua boneti, tafuta mpira uliochomoka."

Ulikuwepo, mpira mnene wa kupitisha hewa ambayo tabo (turbo) inaisukuma kwenye injini, unaning'inia. Klipu haikukazwa. Nikanyoosha henga ya koti, nikaufunga kwa waya, biriani ikafika ya moto.

Jumatatu nikarudi gereji. Yule fundi akaniuliza kwanza mwenye gari yuko wapi. Mwenye gari! Nikamwonyesha waya, akacheka: "Huko kwenu ndivyo mnavyotengeneza magari?" Ndiyo bwana, na yanafika, kazi yako wewe iliishia M1. Jibu hilo lilinijia usiku kitandani. Pale kaunta nilisema "sawa" tu, na klipu akanitoza.

Gari lenyewe sasa. Watu walicheka mwaka 1994 Volvo ilipoingiza stesheni wagon ya 850 katika BTCC, mashindano ya mbio za magari ya Uingereza, gari la kubebea makabati kati ya magari ya mbio. Wenyewe wakajibu kwa kupakia mbwa wa sanamu nyuma ya gari lao kwenye mzunguko wa maonyesho. Ya kwangu ilizaliwa baada ya utani huo, na Porsche walitia mkono wao kwenye injini. Umbo ni tofali. Ukikanyaga ghafla magurudumu ya mbele yanababaika, usukani unakupokonya mikono. Kwenye mashimo inakuvunja kiuno. Simshauri mtu ainunue, kwa kweli.

Niliitangaza kuiuza. Akaja kijana na pesa kamili mfukoni, akaiwasha, ile sauti ya silinda tano ikanguruma uani. Nikapandisha bei. Akakubali. Nikapandisha tena, mara ya tatu akaondoka amenuna. Mke wangu alikuwa dirishani, hakusema neno.

Mafuta ya gia yanataka kubadilishwa kabla baridi haijaingia. Mwenye kumjua fundi mstaarabu upande wa Northampton aniambie. Klipu ninazo mwenyewe.