Droo, kabati au rafu: mwongozo wa kununua samani za kuhifadhia katika ofisi ya nyumbani ya watu wawili

Watu wawili wanapofanyia kazi katika chumba kimoja, samani ya kuhifadhia haipimwi kwa wingi wa vitu inavyobeba peke yake, bali pia kwa mara ngapi mmoja atalazimika kumsumbua mwenzake ili afikie karatasi yake. Kwa kipimo hicho nimezipanga samani zifuatazo, nikianza na ile inayostahili kununuliwa kwanza.

Nafasi ya kwanza naipa kabati dogo la droo tatu lenye magurudumu, linaloingia chini ya meza, na kila mtu awe na lake. Meza nyingi za kazi zina kimo cha sentimita 72 hadi 75, lakini unene wa ubao na fremu iliyo chini yake hupunguza nafasi hiyo, kwa hiyo pima kuanzia sakafuni hadi upande wa chini wa meza, kisha uhakikishe kwamba magoti yatabaki na pa kukaa. Dukani, vuta droo ya chini mpaka mwisho wake. Reli duni huiacha droo itoke robo tatu tu, na faili za nyuma hubaki zikitafutwa kwa kupapasa, ilhali reli za gololi zinazofunguka kikamilifu huitoa droo yote nje. Ikiwa bado iko wazi, ikandamize kidogo ukingoni. Kabati likiinama mbele, tafuta lenye gurudumu la tano chini ya droo hiyo. Jambo la mwisho, ambalo wauzaji hawalitaji, ni kwamba makabati mawili ya aina moja yanaweza kuwa na funguo zinazofanana. Jaribu ufunguo wa moja kwenye kufuli ya jingine kabla ya kulipa, la sivyo faragha mnayoinunua ni ya jina tu.

La pili ni kabati refu lenye milango, kwa ajili ya vitu vya pamoja kama rimu za karatasi, wino na nyaya. Faili kubwa za kushikia karatasi zilizotobolewa matundu zina kimo cha sentimita 32 hivi, basi shubaka liwe na kimo cha ndani cha angalau sentimita 34, na kina cha 30 au zaidi. Palipo na nafasi finyu nyuma ya kiti, milango ya kuteleza hufaa, ingawa hufungua nusu moja tu kwa wakati. Kabati likiwa la chuma, msiifungie ruta ya intaneti ndani, kwa kuwa chuma huzuia mawimbi yake. Na kama litaunganishwa likiwa limelala, kumbukeni kwamba kabati lenye kimo cha sentimita 200 na kina cha 40 huhitaji dari ya zaidi ya sentimita 204 ili lisimamishwe, kwa kuwa kona yake hupanda juu kuliko kimo chake linapoinuliwa.

Rafu za wazi nimeziweka katika nafasi ya tatu. Ni nyepesi kwa mfuko na kila kitu huonekana, pamoja na vumbi na fujo ya mwenzako. Udhaifu wake mkubwa ni uzito: rimu moja ya A4, yaani karatasi 500 za gramu 80 kwa mita ya mraba, ina kilo 2.5 na unene wa karibu sentimita 5, kwa hiyo rafu ya sentimita 80 iliyojaa karatasi hubeba takriban kilo 40. Ubao wa chenga zilizogandishwa kwa gundi hupinda taratibu chini ya mzigo huo, hivyo chagua wenye nguzo ya katikati. Rafu ndefu, kama kabati refu, ifungwe ukutani kwa skrubu.

Kabati la faili la chuma lenye droo nne linafuata, na linawafaa tu wenye karatasi nyingi kwelikweli. Nunua lile linaloruhusu droo moja tu kufunguka kwa wakati, kwani droo mbili zilizojaa zikitoka pamoja huliangusha. Kelele zake wakati mwenzako yuko kwenye simu ni adha, na wanaolinunua wakidhani litaokoa nyaraka kwenye moto wanajidanganya: bati la kawaida hupitisha joto hadi karatasi zikaungua, isipokuwa kabati limetengenezwa na kupimwa mahsusi kustahimili moto.

Masanduku ya plastiki yenye vifuniko yanashika mkia. Yanafaa kwa nyaraka zinazoguswa mara moja kwa mwaka, ili mradi msiyapange kwa kimo kinachomlazimu mtu kuyashusha yote kutafuta risiti moja.